Mbwa Aliyekuwa Kielelezo

Lori lililonileta Babati lilikuwa limebeba saruji na mabati, na mimi nilikaa juu ya mifuko kwa sababu utingo alikuwa mtu wa kwetu. Tulitoka Dodoma alfajiri. Kabla ya Dodoma nilikuwa Iringa, kabla ya Iringa nilikuwa Makambako, na kabla ya hapo nilikuwa kijana aliyemaliza kidato cha nne akakataa kurudi kwenye shamba la baba yake. Nilikuwa sijakaa mahali popote kiasi cha kupanda mahindi nikayala. Dereva alikuwa ametuambia kwamba mkoa mpya umekatwa kutoka Arusha, makao yake yatakuwa Babati, na mkoa mpya huhitaji kila kitu: ofisi, nyumba za wakubwa, vyoo vya wakubwa, na watu wa kupaka kuta zote hizo rangi. Mimi kupaka rangi nilijua.

Barabara ya Kondoa wakati ule ilikuwa vumbi na mawe. Kwenye kila korongo utingo alishuka, akatembea mbele kama mtu anayemwongoza kipofu, kisha akapunga mkono. Tulipoipita Kondoa na kuanza kupanda kuelekea Bereko, ekseli ilikatika. Tulilala chini ya lori, na kesho yake tukakaa kando ya barabara tukimsubiri fundi ambaye kila aliyepita alisema amemwona yuko njiani.

Hapo ndipo mbwa alipotokea. Alikuwa jike, rangi ya udongo, sikio moja limechanika. Hakuja kuomba. Alikaa mbali kidogo akitutazama. Nilimtupia kipande cha muhogo wa kuchoma, akakila taratibu, kama mgeni aliyefundishwa adabu kwao. Lori lilipopona alilifuata mbio hadi pumzi zikamwishia, na utingo, ambaye mdomo wake ulikuwa mchafu lakini moyo wake haukuwa, akagonga bodi dereva asimame.

"Mpandishe jamaa yako," akaniambia. "Mkoa mpya unahitaji na mbwa."

Tuliingia Babati jioni, mimi na yeye tukiwa na rangi moja, ya saruji. Mlima Kwaraa ulikuwa umejifunika wingu hadi kiunoni na ziwa lilikuwa liking'aa kama bati jipya. Nimepita miji mingi tangu siku hiyo, na ukiniuliza ni upi ninaouota, nitakuambia ni huo. Ukiniuliza ni nani ninayemwota, jibu ni baya zaidi. Namwota jirani yangu wa Maisaka, na katika ndoto hizo huwa simsamehe.

Kazi nilipata wiki ileile. Mji ulikuwa ukijengwa kwa pupa. Mashamba ya mahindi yaligeuka viwanja kabla mabua hayajakauka, na watu waliokuwa wakiitana shemeji wakaanza kuitana wavamizi. Mwenye kiwanja kimoja kule Maisaka, aliyekuwa akiishi Arusha, alinipa chumba cha tofali za kuchoma kilichosimama peke yake katikati ya eneo kubwa. Hakunitoza kodi. Alichotaka ni macho. "Usiruhusu mtu aguse mpaka wangu," alisema, akapanda basi akarudi kwao.

Mbele ya kiwanja, ng'ambo ya barabara, lilikuwepo duka la mzee mmoja Mwislamu ambaye babu yake alitoka Pangani akifuata biashara ya ngozi. Mzee huyo alizaliwa Babati, akaoa Babati, lakini Kiswahili chake kilikuwa bado na chumvi ya pwani, na watoto wa mtaa walipenda kununua pipi kwake ili wamsikie tu akiwagombeza. Nyuma ya kiwanja, kwenye barabara ya pili, ilikuwa nyumba ya jirani.

Jirani alikuwa mgeni kama mimi, ila yeye alikuja na pesa. Alikuwa dalali wa viwanja. Alivaa suti za kaunda, aliwajua watu wa ardhi kwa majina yao ya nyumbani, na alikuwa na namna ya kukushika bega akizungumza kana kwamba bega lako amelinunua. Mwanzoni aliniomba kwa upole nimruhusu apande maharage kwenye ukingo wa kiwanja, upande wake. Nikamwambia si changu, amwombe mwenyewe. Baadaye nilianza kukuta jiwe la mpaka limehama. Hatua moja leo, hatua moja tena mvua ikinyesha. Nililirudisha. Likatembea tena.

Kisha mbwa alijifunza mwendo wa yule mtu. Sikumfundisha. Akisikia viatu vyake upande wa seng'enge alisimama na kubweka, tena kwa sauti aliyoitumia kwa huyo tu na kwa fisi. Hakuuma. Sikuwahi kumwona akimuuma kiumbe yeyote. Hata kuku wa watu walilala kivulini pamoja naye. Lakini alibweka hadi mtaa mzima utoke nje, na mtu anayehamisha jiwe la mpaka hapendi mtaa mzima utoke nje. Jiwe likatulia.

Siku moja ya Ijumaa nilikuwa sina kazi, nimekaa barazani na mbwa miguuni. Mzee wa duka alikuwa amejaza birika lake maji ya kutawadha akaliacha kwenye ngazi, akaingia ndani kutafuta kofia. Mbwa akavuka barabara, akatia mdomo ndani ya birika, akanywa.

Mzee alipotoka alisimama kwanza akatazama, kama mtu anayetumaini macho yake yamekosea. Halafu akaniita.

"Wewe kijana. Njoo umshike huyu hayawani wako. Umshike hapo hapo, nimwone, mpaka nimalize. Akigusa kitu kingine leo, wallahi tutaonana wabaya."

Nikamshika shingoni. Mzee akamwaga maji, akachota udongo safi kando ya mtaro, akaanza kulisugua birika. Kwa dini yake chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo ni kwa udongo. Hakuruka hata moja. Adhana ya Ijumaa ilianza akiwa bado anasuuza, ikaisha akiwa bado anasuuza. Mimi nilisimama juani nimemshika mbwa, na mzee akanihubiria kuhusu wazazi wangu, malezi yangu na nchi niliyotoka. Kisha akatawadha upya, akaondoka karibu anakimbia, huku akisema kwamba khutba yote imempita kwa ajili ya mnyama asiye na haya. Tangu hapo hakunisemesha. Nilipokwenda kununua sabuni alinirudishia chenji juu ya meza bila kunitazama.

Jioni ya Ijumaa hiyohiyo walikuja mgambo na bwana mifugo wakiwa na kamba. Nyuma yao alikuja jirani akichechemea, mguu umefungwa bendeji kwenye kigimbi. Alikuwa ametoka polisi na hospitali. Maelezo yake yalikuwa kwamba saa ya adhana ya mchana, mtaa ukiwa hauna mtu, mbwa wangu alimvamia mbele ya mlango wake wa barabara ya nyuma akamuuma. Akaongeza kwamba macho ya mbwa yalikuwa mekundu na udenda ulikuwa unamtoka, na hilo ndilo lililowatia watu hofu, kwa maana mwaka ule kichaa cha mbwa kilikuwa kimesikika kule Singe, jirani na mji.

Nilielewa palepale. Ile saa aliichagua. Mtu pekee ambaye macho yake yalikaa upande wetu mchana kutwa ni mzee wa duka, na kila mtu Maisaka alijua kwamba saa hiyo ya Ijumaa mzee yuko msikitini, amejipanga safu ya mbele. Na kidonda nacho nilikijua kilikotoka: kwenye seng'enge ya kiwanja kulikuwa na uzi wa kitambaa cha kaunda. Nikawaambia wote waliokuwepo kwamba mbwa alikuwa mikononi mwangu. Bwana mifugo alinitazama kwa huruma ya mtu aliyechoka.

"Kila mwenye mbwa husema hivyo," akasema. "Mimi sina ugomvi na mbwa wako, ndugu yangu. Nimetumwa kumchukua."

Walimfungia kwenye banda la wavu nyuma ya ofisi ya mifugo, lililojengwa zamani kwa ajili ya kuku wa mfano, wale kuku wakaliwa. Nikaambiwa atatazamwa. Akifa, ni kichaa. Asipofa, basi ni mbwa mkali asiyefaa kukaa na watu, na atapigwa risasi. Nikauliza ni njia ipi kati ya hizo inayomfikisha nyumbani. Bwana mifugo akasema labda mahakama.

Basi nikaenda mahakama. Jirani alikuwa ameshanitangulia kufungua shauri, akinilalamikia kwa kufuga mnyama wa hatari na kuomba auawe. Katika Mahakama ya Mwanzo hakukuwa na mawakili. Kila mtu alisimama kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya hakimu na washauri wake wawili. Siku ya kwanza jirani alizungumza vizuri. Alipandisha suruali akaonyesha mguu. Akaomba mbwa auawe siku hiyohiyo kwa usalama wa watoto wa mkoa mpya. Alisema hivyo hasa, watoto wa mkoa mpya, kama vile wa mkoa wa zamani wangeweza kuumwa tu.

Nikaona hakimu anatikisa kichwa kukubali. Nikasema jambo moja tu lililonijia: kwamba huyu mbwa ndiye chanzo cha shauri, na mwenye duka akishtakiwa kwa jora la kitambaa, jora halichomwi moto kabla ya hukumu.

Mshauri mmoja, mama mtu mzima wa Singe aliyekuwa amenyamaza muda wote, akamgeukia hakimu. "Anasema kweli. Tukimuua leo halafu huyu baba akashindwa kesho, tutamwambia nini mbwa?"

Watu wakacheka, lakini hakimu hakucheka. Aliandika. Akaamuru mbwa awekwe kama kielelezo cha mahakama mpaka shauri liishe, na asiguswe na mtu. Hivyo mbwa niliyemwokota njiani Bereko akawa mali ya Jamhuri kwa muda, na kila siku asubuhi kabla ya kazi nilimpelekea ugali na mifupa ya bucha. Alikuwa akisimama nikifika na kulala nikiondoka. Bwana mifugo aliniambia kati ya hizo mbili hafanyi kitu kingine. Alikuwa anakonda.

Hapo ndipo chuki yangu ilipoota meno. Watu husema kisasi hula moyo wa mwenyewe. Wangu ulinenepa. Niliacha kumwamkia jirani. Kwetu sisi, na kwao pia, kumpita mtu aliyekuzidi umri bila shikamoo ni kama kumtemea mate, na mimi nilimpita hivyo asubuhi na jioni, tena polepole, nikihakikisha kuna watu. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa alinipa yeye mwenyewe.

Alikuwa amesema ameumwa na mbwa mwenye udenda na macho mekundu. Haya. Sikumkanusha tena mtaani. Nilianza kumhurumia. Nilikwenda bucha, nikamuuliza muuza nyama kwa sauti ya chini kama amesikia yule baba ameshachoma sindano. Muuza nyama akauliza sindano gani. Nikamwambia za kichaa cha mbwa, maana yeye mwenyewe amesema mahakamani mbwa alikuwa na dalili. Nikauliza hivyohivyo bombani kwa akina mama wenye ndoo. Nikauliza kwa kinyozi. Nikauliza kilabuni, mahali ambapo kopo moja huzunguka midomo mingi.

"Mbwa si wako?" mmoja akaniuliza pale kilabuni.

"Ni wangu. Lakini aliyeumwa ndiye ajuaye."

"Na hajachoma?"

"Mimi sijasikia kwamba amechoma."

Sikusema uongo hata neno moja. Nilibeba maneno yake nikayatembeza mjini.

Siku chache tu zilitosha. Kinyozi alimwambia mashine imeharibika. Kilabuni kopo lilipofika kwake lilikoma hapo, na watu wakaagiza jingine. Jirani wa upande wake wa pili aliniambia kwamba mke wa dalali amemtengea mumewe sahani na kikombe, na kwamba mama mkwe, aliyekuwa amekuja kutembea, amefunga mizigo akarudi Hanang kabla ya siku zake. Maskini jirani alikuwa na njia mbili. Aseme hakuumwa, au akachomwe.

Akaenda kuchomwa. Ilikuwa safari ya hospitali ya misheni, kwa gari la asubuhi, arudi, aende tena, na tena. Siku hizo watu walizijua sindano hizo kama adhabu. Wengi waliamini huzungushwa kitovuni. Sijui alichomwa wapi, lakini nilimwona akishuka kwenye gari akitembea ameinama kidogo, mkono kwenye tumbo. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa barabara nikila ndizi. Sikumbuki ndizi nyingine tamu kama ile.

Mbwa hakufa. Siku za kutazamwa zikaisha, bwana mifugo akathibitisha kwamba hana kichaa. Jirani akabadili wimbo: sawa, si kichaa, ni mkali, auawe. Shauri likaahirishwa, kwa kuwa hakimu alikuwa safarini, kisha kwa kuwa mshauri alifiwa. Kila kuahirishwa mbwa alizidi kuchongoka mbavu.

Siku moja nilikuwa juu ya ngazi nikipaka dari ya ofisi mpya kule Bagara, jirani akaingia. Alisimama chini yangu.

"Shuka tuongee, dogo."

"Ongea. Nasikia."

Akasema hana nia mbaya. Akasema mimi ni mpita njia, mji huu si wa mama yangu, na mwenye kiwanja yuko Arusha anakula nyama choma wakati mimi nahangaika na mahakama. Nikimwandikia tu kwamba nimechoka, nikaondoka, yeye atafuta shauri kesho yake na mbwa nitamchukua. "Mbwa wako anakufa polepole mle bandani," akasema. "Nimepita kumwona. Unamuua wewe."

Hilo la mwisho lilinichoma kwa kuwa lilikaribia ukweli. Ningeweza kukubali. Kusafiri ndiyo kazi niliyoijua kuliko zote, na sikuwa na hata sufuria mbili za kufungasha. Lakini nilimwona pale chini, uso umeinuliwa, ana hakika, na nikajua kwamba nikiondoka kwa amri yake nitakuwa nikimwona hivyo maisha yangu yote. Brashi yangu ilikuwa imejaa chokaa. Niliiacha idondoshe. Tone likamwangukia begani, kwenye kaunda ya bluu.

"Tutaonana kwa hakimu," nikasema. Sikusema samahani.

Nilikuwa nimebakiwa na mlango mmoja, na nilikuwa naukwepa. Mzee wa duka alikuwa akiwaambia wateja wake waziwazi kwamba mtaa umepumua tangu mbwa yule aondolewe. Kwenda kumwomba aje amtetee niliona ni kumwomba paka amzike panya kwa heshima. Lakini nilikwenda. Nilisimama nje, pale kwenye ngazi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Alijibu kwa sababu shikamoo haikataliwi.

Nikamweleza yote: saa aliyoitaja jirani, mlango wa nyuma, na kwamba anayejua mbwa alikuwa wapi adhana ikilia ni watu wawili, mmoja ni mimi, na mimi siaminiki. Alisikiliza akipanga viberiti. Kisha akauliza, kama mtu anayehakikisha bei:

"Amesema saa ya adhana? Ijumaa ile ya birika?"

"Ileile."

"Kwa sababu alidhani mimi niko msikitini."

"Ndiyo."

Nilimwona uso ukibadilika, si kwa huruma. Alikuwa amekasirika, na safari hii si kwangu. Mtu ameutumia uchaji wake kama pazia la kujifichia.

"Mbwa wako simpendi," akasema. "Akirudi, mfunge. Siku gani mahakamani?"

Siku hiyo alikuja na kanzu safi na kofia mpya, akaapa. Jirani alipomwona anaingia alitabasamu, nadhani aliamini amekuja upande wake. Mzee akaeleza taratibu. Aliweka birika. Mbwa akanywa. Akaniamuru nimshike. Akaosha. Hakimu, aliyekuwa Mkristo wa mkoa mwingine, akamuuliza kuosha birika kunachukuaje muda wote huo. Mzee akamweleza zile mara saba na ule udongo, jinsi unavyotafutwa ulio safi, na kwamba hakuna kukimbia.

"Na adhana?"

"Ilinikuta naosha, Mheshimiwa. Ikaisha naosha. Mbwa alikuwa mbele yangu, kashikwa shingo na kijana huyu, na mimi simwondolei jicho maana nilikuwa namtukana."

"Una hakika gani kwamba ni Ijumaa hiyo?"

"Mtu hasahau Ijumaa aliyokosa khutba kwa sababu ya mbwa. Haijanitokea kabla, na Mungu akijaalia haitanitokea tena."

Jirani akaruhusiwa kumuuliza maswali. Alisimama, akalivuta koti lake. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Wewe mzee, si ni wewe uliyesema dukani kwako kwamba mbwa huyu afadhali aondoke?"

"Nimesema. Hata leo nasema."

"Sasa kwa nini unamtetea?"

"Sikuitwa hapa kusema kama nampenda. Nimeulizwa alikuwa wapi."

Yule mama wa Singe akainama kwenye meza, mabega yakimtikisika. Na mimi, ambaye nilikuwa nimejiandaa na hotuba ya uzi wa kaunda na jiwe linalotembea, nilipopewa nafasi nikauliza swali moja tu. Nilimuuliza mlalamikaji kwa heshima zote kama zile sindano alizimaliza. Akasema alizimaliza. Nikasema asante, sina swali jingine. Mahakama nzima ilikuwa imeshaelewa kwamba mtu huyu amechomwa kwa ajili ya mbwa ambaye saa hiyo alikuwa ng'ambo ya kiwanja akitukanwa na mzee wa duka.

Shauri likatupwa. Hakimu akamkaripia jirani kwa maneno machache, akaamuru kielelezo kirudishwe kwa mwenyewe. Nilitaka zaidi. Nilitaka afungwe, atembezwe sokoni. Karani akaniambia nikitaka naweza kufungua shauri langu, nikamwambia nitafikiri. Kisha nikatoka mbio kwenda ofisi ya mifugo. Bwana mifugo alifungua wavu bila neno. Mbwa alisimama kama kawaida yake, na nilipogeuka kuondoka akaanza kulala kama kawaida yake, maana ndivyo siku zote zilivyokuwa zimeenda. Ilinibidi nirudi nimnyanyue. Alikuwa mwepesi kama kikapu kitupu. Nilimbeba kupita sokoni, sikuchagua njia fupi, na nililia bila kujificha.

Nilimpelekea mzee birika jipya. Aliligeuza huku na huku. "Limeshikwa na mkono uliomshika nani?" akauliza. Nikacheka, yeye hakucheka, lakini alilichukua, na nilipokuwa navuka barabara nilimwona akiinama kutafuta udongo.

Shauri langu sikufungua. Nilipata adhabu nyingine ya bei nafuu. Mbwa aliponenepa nilimnunulia kamba mpya nyekundu, na kila Ijumaa mchana, isipokuwa nikiwa kazini, nilimpitisha mbele ya mlango wa jirani. Polepole. Kwenye mikutano ya mtaa jirani aliposimama kuzungumzia maendeleo, kulikuwa na mtu nyuma aliyeuliza kwa upole, "Umechoma?" Mara nyingine mtu huyo hakuwa mimi. Jirani alituma wazee wawili waje tupatanishwe, wakaleta na kondoo. Niliwapa chai, nikawaambia kondoo ni mzuri, wamrudishe. Wakaniambia mimi bado kijana, nitajuta. Sasa nina umri wa kujuta na bado nasubiri.

Aliyenitoa Babati hakuwa jirani, ingawa alifaidika. Mwenye kiwanja alikuja siku moja kutoka Arusha, hakuniangalia usoni, akaniambia amepata mteja mzuri na ameuza. Sikuhitaji kuuliza ni nani. Jiwe ambalo mbwa alilizuia lisitembee, mtu alikuwa amelinunua likiwa limesimama, kwa bei ya mkoa mpya. Nikajiambia kwamba angalau amelipa.

Siku ya kuondoka jirani alikuja asubuhi kuchukua ufunguo. Nilikuwa sijafunga mizigo. Mbwa alilala kizingitini, kichwa juu ya miguu ya mbele, hajafungwa kamba. Jirani akasimama juani, mbali kidogo.

"Mfunge huyo mbwa," akasema.

"Hajawahi kumuuma mtu. Mahakama imesema."

Hakusogea. Nikakunja blanketi. Nikalikunjua, nikalikunja vizuri zaidi. Nikawasha jiko, nikachemsha chai, nikainywa nimekaa kwenye ndoo, tukiwa tunatazamana yeye na mimi juu ya mgongo wa mbwa. Jua lilipanda. Ng'ambo ya barabara mzee wa duka alitoa kiti nje, akakaa kutazama, jambo ambalo asubuhi hakuwa na desturi nalo. Nikaweka chai ya pili.

Nilipomaliza kila kitu nilichoweza kukimaliza, nikabeba mfuko wangu, nikamvuka mbwa. Sikumpa jirani ufunguo mkononi. Niliuweka chini, kwenye vumbi, mbele ya miguu ya mbwa, nikasogea pembeni nikangoja.

Jirani alikaa muda. Kisha akaja, akainama, yule mtu mzima na kaunda yake, akanyoosha mkono. Mbwa akaunusa ule mkono wote, kidole kwa kidole, akapiga mwayo. Jirani alipouinua ufunguo, ndipo nilipopiga mluzi, na mimi na mbwa tukashuka kwenda stendi kutafuta gari la Singida.